Nilivyoondoa fanksheni za zamani kwenye pakeji yangu bila kuwakwamisha wanaoitumia

Pakeji yangu ya Python, yaani kodi ambayo wengine wanaichukua na kuitumia ndani ya programu zao, ni ndogo, inasoma mafaili ya data na kunyoosha tarehe, ila kuna watu kazi zao zinaitegemea kila siku na hilo nalijali sana. Sasa ilikuwa na fanksheni tatu (vipande vya kodi vyenye jina, unaviita vikufanyie kazi fulani) zinafanya kitu kilekile, ukirekebisha bagi huku lazima uifuate na kule, nikaona hapana, ibaki moja tu, soma().

Mara ya kwanza niliweka DeprecationWarning, lile onyo la Python la kusema kitu hiki kitaondolewa, ndani ya zile mbili nyingine nikatoa vesheni, miezi sita kimya kabisa, hakuna aliyelalamika, nikajua basi watu wameshahama nikazifuta. Weee, siku ileile meseji zikaanza kumiminika, programu za watu zimegoma, na kila mmoja anasema hajawahi kuona onyo lolote. Na kweli hawakuona! Kumbe tangu Python 3.2 onyo la aina hiyo linafichwa, halafu kuanzia 3.7 linaonekana tu kama mstari unaolisababisha uko kwenye faili lenyewe unaloliendesha, ile __main__. Mimi sikuweka stacklevel=2, inayoliambia onyo litaje mstari wa aliyeita fanksheni, kwa hiyo onyo lilikuwa linanyooshea kidole mstari wa ndani ya pakeji yangu badala ya mstari wa mtumiaji, Python ikalimeza.

Nikazirudisha zote mbili usiku huohuo, nikaomba radhi, nikaanza upya.

Safari hii nilianza na nyumba yangu kwanza. Niliendesha testi zote na -W error::DeprecationWarning ili kila onyo ligeuke kosa, na nikakuta pakeji yenyewe ndani inaita fanksheni ninazowakataza watu, hata mifano kwenye maelezo ilikuwa bado ya zamani. Nikasafisha. Fanksheni za zamani nikazibakiza mstari mmoja mmoja, zinaita soma() tu, na onyo, safari hii likiwa na stacklevel=2, likawa linasema kila kitu: "soma_tarehe() itaondolewa vesheni 3.0, tumia soma(tarehe=True)". Hapo kwenye ujumbe usifanye uchoyo jamani, mtu anataka kujua anaandika nini badala yake, sio kuambiwa tu kwamba imepitwa na wakati.

Onyo lilipoanza kuonekana ndo akaja mtu mmoja akaniambia yeye hawezi kuhama, ile ya zamani ilikuwa inaruka tarehe mbovu na kuendelea, soma() inasimama hapohapo. Nilikuwa nimesahau kabisa! Nikaongeza hicho kitu kwenye soma() kabla sijafuta chochote.

Vesheni ya mwisho kabla ya 3.0 nikabadilisha onyo likawa FutureWarning, hilo linaonekana kwa kila mtu. 3.0 ilipotoka nikaacha majina ya zamani yanatoa kosa linalotaja soma(), na meseji nilizopata ni mbili tu, za watu walioruka kutoka vesheni ya kitambo sana, na wote walikuwa wameshabadilisha kodi kabla sijawajibu.