Slipu tatu kwenye meza ya mama ntilie

Nilipokuwa napaki sabuni kiwandani Dar es Salaam, tulinung'unika kila siku, lakini kila mtu kivyake. Nilidhani wenzangu wanalipwa ovataimu yao sawasawa, mimi tu ndiye nakosewa hesabu. Siku nilipopata moyo wa kuuliza, msimamizi akanijibu, "Kama hutaki, getini wamejaa." Niliumia kuliko hata kwa zile pesa. Nilikuwa na miaka sita pale.

Mchana mmoja kwa mama ntilie tukatandaza slipu zetu za mshahara watu watatu. Wote saa za ziada tumelipwa kama saa za kawaida! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wiki ni saa 45, na inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Nikanunua kaunta buku. Miezi miwili mfululizo nikaandika nani kaingia saa ngapi, katoka saa ngapi, kalipwa kiasi gani.

Tulilibeba buku hilo hadi ofisi za TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Tukaelezwa kwamba chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi, ndicho kitakachojadiliana na mwajiri kwa niaba yetu. Tukapewa fomu za TUF 6, ambazo mtu husaini kuridhia kukatwa ada.

Kusainisha ndiko kulikonitoa jasho. Dada mmoja alisaini jioni, asubuhi akaitaka fomu yake. Nilimrudishia bila kumhoji; analea watoto watatu peke yake, na woga ule naujua. Wiki ya tatu akaja mwenyewe kusaini tena. Sikuwa na maneno ya kushawishi. Nilimfungulia kila mtu ukurasa wake, akajisomea saa zake, akanyamaza, kisha akaomba kalamu. Kati yetu 112, zikafika fomu 61.

Barua ya chama ilipopelekwa, menejimenti ilikuwa na siku 30 za kukutana nasi. Zikiwa zinaelekea kwisha, tukaitwa. Yule msimamizi alikuwepo, akasogeza kiti nikae.

Sasa slipu zinaonyesha moja na nusu, ila malimbikizo wametulipa ya miezi sita tu. Yaliyobaki tunayadai. Lile kaunta buku limejaa, nimeanza la pili.