Silikanti si shahidi wa UFO

Kila mjadala wa UFO, yaani vyombo visivyotambulika vinavyodaiwa kuonekana angani, unapozuka, iwe kwenye makundi ya WhatsApp au kijiweni, hachelewi kutokea mtu wa kuuliza: "Mbona wanasayansi walisema silikanti alitoweka zama za dinosaria, kisha akavuliwa akiwa hai?" Anayeuliza hivyo huwa anamaanisha kwamba wataalamu waliokosea kuhusu samaki wanaweza pia kuwa wanakosea, au wanaficha, kuhusu vyombo vya wageni kutoka sayari nyingine. Mimi ni mpenzi wa siku nyingi wa wanyama wa kale na wa wanyama wasio wa kawaida, na hoja hiyo nimeisikia mara nyingi kiasi cha kuona inastahili jibu la kina, kwa sababu kisa cha silikanti kikisimuliwa chote kinathibitisha kinyume cha kile kinachodaiwa.

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi iitwayo Nerine, chini ya nahodha Hendrik Goosen, ilirejea katika bandari ya East London nchini Afrika Kusini ikiwa na papa na samaki wengine waliovuliwa karibu na mlango wa mto Chalumna. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa makumbusho madogo ya mji huo, alikuwa na mazoea ya kwenda bandarini kuchagua samaki wa kuhifadhi, na siku hiyo aliona pezi la buluu likichomoza katikati ya rundo. Alipowaondoa wale wa juu alimkuta samaki wa urefu wa kama mita 1.5 na uzito wa kilo 57, mwenye magamba magumu, madoa meupe mwilini, na mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama na mifupa. Hakumtambua. Ilikuwa majira ya joto, chumba cha maiti cha hospitali kikakataa kumpokea, ghala la baridi nalo likakataa, na mwishowe fundi wa kukausha wanyama akalazimika kumchuna na viungo vya ndani vikatupwa. Kilichobaki kilikuwa ngozi, fuvu, na mchoro ambao Courtenay-Latimer alimtumia J.L.B. Smith, mhadhiri wa kemia aliyekuwa pia mtaalamu wa samaki.

Smith alipouona mchoro ule alitambua umbo ambalo hadi wakati huo lilijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vya kale zaidi vikiwa na umri unaopita miaka milioni 400 na vya karibuni zaidi vikiwa vya mwisho wa zama za dinosaria, takriban miaka milioni 66 iliyopita. Hata hivyo hakukimbilia kutangaza. Alijibu kwa telegramu akisisitiza kwamba mifupa na matamvua vihifadhiwe, akasubiri hadi alipofika mwenyewe East London tarehe 16 Februari 1939 na kumwona samaki kwa macho yake, na mwezi Machi mwaka huohuo jarida la Nature likachapisha maelezo yake pamoja na jina la kisayansi, Latimeria chalumnae. Tangu samaki aliposhushwa bandarini hadi habari zake kuchapishwa haikupita hata miezi mitatu. Hapakuwa na njama ya kumficha, wala hapakuwa na kundi la wakubwa waliokataa kumwangalia; ngozi moja iliyojazwa ilitosha kufuta imani iliyokuwa imekubalika kwa karibu miaka mia moja.

Ikumbukwe pia imani hiyo ilitokana na nini. Wataalamu walidhani silikanti ametoweka kwa sababu visukuku vyake vilikoma, na hilo lilikuwa hitimisho la busara ambalo tangu mwanzo lilikuwa wazi kubatilishwa na samaki mmoja tu. Silikanti wa leo hushinda mchana mapangoni kwenye miteremko mikali ya miamba, mara nyingi kati ya mita 100 na 300 chini ya maji, mahali ambapo mabaki ya kiumbe hayaelekei kugeuka kisukuku ambacho binadamu atakiokota nchi kavu.

Sehemu ya pili ya kisa hiki inatuhusu zaidi sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa viungo vya ndani vya samaki wa kwanza vilipotea, Smith alisambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, na baada ya miaka 14, Desemba 1952, silikanti wa pili akavuliwa kisiwani Anjouan katika Komoro na mvuvi Ahamadi Abdallah. Mwalimu wa shule ndiye aliyemfananisha na picha ya kipeperushi, na nahodha Eric Hunt akampelekea Smith habari. Smith aliomba ndege kwa waziri mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, akaruka hadi Komoro kumchukua. Wavuvi wa huko walikuwa wakimfahamu siku zote, wakimwita gombessa, na nyama yake hawakuithamini sana. Hilo halipaswi kusahauliwa kila tunaposema samaki huyu "aligunduliwa".

Smith alipomwona huyo wa pili hana pezi la kwanza la mgongoni, alimtangaza kuwa jenasi mpya, yaani kundi jipya la spishi zenye undugu wa karibu, na kumwita Malania kwa heshima ya waziri mkuu. Alikosea: alikuwa Latimeria yuleyule mwenye kasoro ya mwili, na wenzake waliweza kumsahihisha kwa sababu mwili ulikuwepo na kila mwenye ujuzi angeweza kuuchunguza. Vivyo hivyo, wazo la Smith kwamba silikanti yuko karibu sana na asili ya wanyama wa miguu minne limepoteza nguvu, kwani uchunguzi wa jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kamongo, ambaye watu wa Ziwa Victoria wanamjua vizuri, ni ndugu yetu wa karibu zaidi kuliko silikanti.

Kwa upande wa Tanzania, silikanti walianza kurekodiwa mwaka 2003, kwanza eneo la Songo Mnara wilayani Kilwa, kisha Tanga, ambako wengi walinaswa na majarife ya papa yaliyotegwa kwenye vina virefu. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009. Ningependa kila anayemtaja samaki huyu katika mabishano ya UFO amjue walau kidogo: fuvu lake lina kiungo kinachomwezesha kuinua sehemu ya mbele ya kichwa anapopanua mdomo; uti wake wa mgongo ni mrija wenye majimaji; mapezi yake husogea kwa kupishana, la kulia mbele likienda sambamba na la kushoto nyuma; na huzaa watoto hai baada ya kubeba mimba ambayo, kwa makadirio ya watafiti waliosoma alama za magamba mwaka 2021, huchukua takriban miaka mitano. Mnyama anayezaa kwa taratibu kiasi hicho hawezi kustahimili jarife kwa muda mrefu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kila ninaposikia jina lake likitumiwa kwa jambo lisilomhusu.

Nikirudi kwenye hoja yenyewe, linganisha na Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya vibarua, wakiwemo wasimamizi stadi kama Boheti bin Amrani, walichimbua mifupa ya dinosaria katika kilima hicho cha nyuma ya Lindi, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandarini. Iliyosafirishwa kwenda Berlin ilizidi tani 200, na mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa huko akiwa na kimo cha mita 13.27. (Madai ya kuirejesha mifupa hiyo ni halali na yanahitaji makala yake.) Wanyama hao walikufa takriban miaka milioni 150 iliyopita, hakuna aliyewapiga picha, na bado wametuachia ushahidi wa kujaza meli. Vyombo vya wageni vinadaiwa kuonekana maelfu ya mara tangu mwaka 1947, katika dunia iliyojaa kamera, rada na setilaiti, lakini hadi leo hakuna hata skrubu moja iliyowekwa mezani ikakubaliwa na maabara huru kuwa haikutengenezwa hapa duniani.

Watetezi watasema miili ipo, na mara mbili wameitaja kwa nguvu. Ya kwanza ni maiti ndogo ya sentimita 15 iliyopatikana mwaka 2003 katika jangwa la Atacama nchini Chile, ikatangazwa kuwa ya kiumbe wa angani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha ni mtoto wa kike, binadamu, mwenye asili ya eneo hilohilo. Sijui kama kuna neno la upole la kueleza jambo hili: mtoto wa watu, ambaye huenda alizaliwa akiwa amekufa, alifukuliwa, akauzwa na kutembezwa kama kioja. Ya pili ni ile "mizoga" ya Nazca, nchini Peru, iliyoonyeshwa katika bunge la Mexico Septemba 2023. Wataalamu wa serikali ya Peru walipochunguza vidoli vya namna hiyo vilivyokamatwa katika uwanja wa ndege wa Lima, walieleza Januari 2024 kwamba vimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama wa dunia hii na gundi ya kisasa.

Hapa kwetu, tarehe 30 Desemba 2024, duara la chuma lenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 lilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Wanakijiji walikuwa na haki ya kushtuka, kwani kitu kama hicho kingeweza kuua. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likalichukua, na kutoa taarifa kwamba kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Kitu kilianguka kutoka angani kweli, kikapimwa, kikapata maelezo, na sasa swali zito ni nani atawajibika kwa takataka za angani zinazowaangukia wakulima.

Kuna wanaoegemea takwimu za jeshi la anga la Marekani, ambalo katika mradi wake wa Blue Book ulioishia mwaka 1969 lilikusanya taarifa 12,618 na kuacha 701 bila maelezo. Taarifa isiyo na maelezo ni taarifa iliyopungukiwa na habari, na kuipa asili ya sayari nyingine ni kujaza pengo kwa kitu tunachokitamani. Mimi ningekubali bila kinyongo chuma ambacho uwiano wa isotopu zake, yaani aina za atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, haulingani na wa mfumo wetu wa jua, au tishu hai ambayo urithi wake haujengwi kwa DNA kama yetu, mradi vikabidhiwe kwa maabara zaidi ya moja na kila mmoja aruhusiwe kurudia vipimo. Ndivyo alivyopimwa nyani wa Rungwe, kusini mwa Tanzania, aitwaye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimtaja, watafiti wakashuku huenda ni wa hadithi, wakampata na kumpiga picha. Alipotangazwa mwaka 2005 kwa kutegemea picha wataalamu walibishana kama picha inatosha, na mwaka uliofuata, baada ya mmoja kufa katika mtego wa mkulima, mwili na vinasaba vikaonyesha anastahili jenasi yake mwenyewe.

Kipimo hiki kinanibana hata mimi na wanyama ninaowapenda. Ningefurahi kupita kiasi kama mokele-mbembe, yule anayesemekana kuwa dinosaria wa mabwawa ya Likouala huko Kongo-Brazzaville, angekuwepo, na misafara kadhaa imekwenda kumtafuta tangu miaka ya 1980 bila kurudi na mfupa wala jino. Siwezi kumtetea kwa hoja ambayo nimewakatalia watu wa UFO. Katika misitu na mabwawa ya ukanda huohuo, watafiti waliohesabu viota vya sokwe wakubwa, yaani gorila, walitangaza mwaka 2008 kwamba wapo takriban 125,000, idadi ambayo hakuna aliyeitarajia, na ambayo ilikubaliwa kwa sababu viota vilikuwepo na viliweza kuhesabiwa tena.