Mzee aliyekuja kulinda RAM yake

Saa 12 asubuhi niko juu ya bodaboda, natoka Ujiji kwenda Mwanga, hapa hapa Kigoma. Saa 1 na nusu nimefungua duka, nimefagia, printa imewaka. Mpaka saa 3 ni zile za kila siku: kutoa kopi ya vyeti, kuchapa barua ya kuomba kazi, kumpiga picha ya pasipoti mtoto asiyetaka kutulia. Watu wakisikia "fundi kompyuta" wanajua nashinda napiga Windows na kupokea hela. Basi ngoja niwasimulie Alhamisi iliyopita.

Saa 3 na robo akaingia mzee mmoja, mfanyabiashara wa mawese, laptopu ameikumbatia ndani ya mfuko wa salfeti. Shikamoo mzee. Marahaba. Hakuitoa. Kwanza akaenda kukaa kwenye benchi, akapima kama kutoka pale anaiona meza yangu yote. Aliporidhika ndipo akasema: "Sitoki hapa. Nyie mafundi mna tabia ya kuchomoa RAM."

Sikukasirika. RAM ni kile kipande cha kumbukumbu ndani ya kompyuta. Wapo wanaokichomoa, na deni lao tunalilipa sote.

Shida yake ni kwamba usiku kishale kinatembea chenyewe, na taa ndogo ya kamera inawaka bila mtu kugusa. Kamera alishaiziba kwa plasta ya kidonda. Kwa plasta ile nilimheshimu.

Nikaiunganisha kwenye hotspoti kwa dakika moja tu, nione inaongea na nani. Nikaandika netstat -ano, amri ya kuonyesha miunganisho yote. Hatujafungua ukurasa wowote, lakini kuna mstari mmoja umeshaunganishwa na anwani ya mbali. Mwisho wa mstari kuna namba ya programu. Nikaifuata kwenye Task Manager, orodha ya programu zinazofanya kazi, ikanipeleka kwa svchost.exe, jina la programu ya Windows yenyewe. Jina hilo lenyewe halina kosa, kwenye Windows yoyote utalikuta mara nyingi. Ila svchost wa kweli anaishi System32, folda ya Windows. Huyu alikuwa amejibanza ndani ya AppData, kwenye mafaili ya mzee. Ni kama kumkuta askari na sare yake kamili, amelala chumbani kwako.

Nikakata mtandao, nikamweleza. Huu ni mlango wa nyuma, mzee. Kompyuta inaweza kufanya kazi vizuri tu, mlango uko wazi, na mtu aliye mbali anasoma unachochapa, anafungua kamera, anachukua mafaili.

"Nani huyo?"

"Simjui. Anwani ni ya nje ya nchi, lakini huenda anapitia tu hapo."

"Ameingiaje?"

Kuuliza-uliza, ikatoka kwamba mjukuu aliweka Windows ya kraki, ile ya wizi isiyolipiwa, wakati wa likizo, na ile kraki ilimwelekeza azime antivairasi kwanza. Mtoto mtiifu, akazima. Nikafungua orodha ya vitu ambavyo Defender, antivairasi ya Windows, imekatazwa kuvikagua: diski ya C nzima imo. Mlinzi yuko kazini, ila ameambiwa nyumba yote asiiangalie.

Saa 5 nikaisimamisha ile programu, nikafuta faili, nikafungua Autoruns kutazama nini kinaamka pamoja na Windows. Nikakuta kamba zake mbili, moja kwenye rejesta, daftari la mipangilio ya Windows, sehemu ya Run, nyingine kwenye folda ya Startup. Nikazikata. Nikazima, nikawasha. Imerudi. Jina lile lile, folda ile ile.

"Umemaliza?" Bado, mzee. Nikarudia, nikazima, nikawasha. Imerudi. "Umemaliza?" Bado. Kila nikigusa bisibisi kusogeza tu, shingo yake inanyooka.

Halafu umeme ukakatika, na betri ya ile laptopu ilishakufa siku nyingi. Tukakaa. Wateja wa kopi wakawa wanachungulia na kuondoka. Mzee akafungua kontena lake, migebuka ya kukaanga na ugali, akanigawia nusu. Hata wakati wa kula alikuwa upande wa kompyuta.

Umeme uliporudi jua lilishaanza kuelemea ziwani na kichwa kinaniuma. Nikaingia Task Scheduler, ratiba ya kazi ambazo Windows inazifanya yenyewe, mahali ambapo ningeanzia kama ningekuwa na akili ya asubuhi. Kuna kazi moja imejipa jina la kusasisha brauza. Kila dakika 5 inaamsha skripti, faili dogo la amri, iliyofichwa kwenye folda ya ProgramData, na skripti inaandika upya faili nililofuta. Nikafuta kazi, skripti, faili, kamba zote mbili, nikaiondoa C kwenye ile orodha, kisha nikaiachia Defender ikague kabla Windows haijaamka. Ikakamata nakala nyingine, ikaiita Bladabindi. Hilo ndilo jina la Microsoft kwa njRAT, programu ya kutawala kompyuta ya mtu ukiwa mbali, mkongwe wa zaidi ya miaka 10 anayependa kusafiri kwa flashi. Nikazima na kuwasha mara tatu, kila mara netstat. Kimya.

Nilitamani kupiga kelele. Lakini skrini ilikuwa vile vile kama asubuhi, na mzee alikuwa anaitazama skrini.

Nikamshauri tuhamishe nyaraka zake, tupige Windows safi. Na paswedi zote azibadilishe kwa simu, asitumie kompyuta hii kwanza.

"Si umesema umeisafisha?"

"Nilichokiona nimekitoa, mzee. Nisichokiona siwezi kukiapia."

Hapo ndipo alipokasirika. Tulipatana elfu 30, akatoa 15, maana "hakuna hata kifaa kipya ulichoweka." Nikapokea. Kisha akataka nifungue kifuniko cha chini. Nikafungua. RAM hiyo hapo, giga 4, na vumbi lake. Akainama, akaitazama, akaitikia kwa kichwa, akairudisha laptopu kwenye salfeti.

Saa 2 usiku niko nyumbani nanawa nile, meseji ikaingia. "Fundi nimebadilisha kwa simu kama ulivyosema. Angalia kama inafaa." Chini yake ameandika anwani yake ya barua pepe, na paswedi mpya, nzima.