Washa ya nati namba kumi

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa anapekua kisanduku changu cha spana, anatafuta bisibisi ndogo ya kufungulia rimoti. Akatoka na kitu amekibana kwa vidole viwili, akakiweka jichoni na kunichungulia kupitia tundu lake. Washa, kile kipete cha bapa kinachokaa chini ya nati. Ndogo, inang'aa, haina hata doa la kutu.

"Baba, hii ni ya nini?"

Nikamwambia ni washa. Akasema anajua ni washa, ameuliza ni ya nini. Ana miaka tisa na hapendi kuzungushwa. Nikamwambia aende akaweke betri kwenye rimoti, maana jibu la swali lile limemzidi umri.

Zamani nilikuwa na Subaru Forester. Toleo la SG5, nyeusi, ya 2003, yenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, nguvu za farasi 220 kwa maelezo ya kiwandani. Kufikia 2011 farasi wengi walikuwa wameshatoroka zizini. Nikipandisha mlima wa Kimara, Dar es Salaam, nakanyaga mafuta, nasikia mluzi mwembamba mahali fulani chini ya boneti, na gari linapanda kwa heshima tu, si kwa nguvu. Likisimama kwenye foleni linatetemeka kama mtu aliyetoka kuoga kwenye baridi ya Lushoto. Fundi wa mtaani alilisikiliza nusu dakika, akasema turbo imekufa, ninunue nyingine. Akaongeza kuwa na "intakula", ile intercooler ya kupozea hewa ya turbo, nayo ibadilishwe. Nikamwambia kweli, itakula hela zangu. Hakucheka.

Sikununua turbo. Nilichukua kifuniko cha bomba la plastiki, nikakitoboa, nikakipachika valvu ya tyubu ya baiskeli, nikaziba nacho mdomo wa bomba la hewa pale linapotoka kwenye filta. Shemeji akakanyaga pampu ya miguu, mimi nikainamisha sikio. Sss. Sauti ilitoka chini kabisa, nyuma ya injini. Wenye Subaru za turbo wanalijua hili: mpira unaopeleka hewa kwenye turbo unapita chini ya manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, umelala juu ya injini yenyewe. Joto kutoka chini, mvuke wa oili kutoka ndani, miaka minane. Ulikuwa umepasuka kama ukanda wa kandambili.

Na ndiyo sababu ya kutetemeka. Sensa ya hewa imekaa huku mwanzoni, karibu na filta. Inahesabu hewa inayopita hapo na kompyuta inagawa petroli kwa hesabu hiyo. Hewa inayojipenyeza kwenye mpasuko haijahesabiwa na mtu. Ni kama kupika wali wa watu sita wakati mlangoni wameshaingia wawili wengine.

Tatizo ni kwamba mpira huo huupati mpaka ung'oe manifodi yote. Na ukishang'oa manifodi, shetani anakaa pembeni yako na orodha. Shemeji alikuwa na safari ya Dubai, nikamwagiza mpira wa silikoni, mwekundu. Ndani ya njia za hewa kuna vibapa vinavyojifunga injini ikiwa ya baridi ili moshi utoke msafi; vijana walikuwa wanavitoa ili hewa ipite bila kizuizi, nami nikavitoa, nikaziba matundu ya mhimili wake. Nikanunua na ile valvu ya kutemea upepo nje, inayopiga "pshhh" ukiachia mafuta. Halafu, kwa uzuri tu, kwa kiburi tupu, nikaenda mtaa wa Gerezani kununua nati na washa za chuma kisichoshika kutu, badala ya zile za kiwandani zilizokuwa zimegeuka rangi ya udongo. Nati ishirini, washa ishirini. Muuzaji alizihesabu kiganjani, akatupia na nyongeza. Kiasi gani cha nyongeza, sikuangalia. Kumbukeni hilo.

Kazi yenyewe niliifanya uani Tabata, Agosti 2011. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ilikuwa imeshusha bei ya mafuta na petroli ikatoweka vituoni. Mji mzima ulikuwa unatembea kwa miguu au unapanga foleni na madumu. Gari langu hata likiwa zima halikuwa na pa kwenda, kwa hiyo kulifungua hakukuwa hasara. Ilikuwa Ramadhani, siku za mwanzo. Umeme ulikuwa wa mgao, na siku hiyo haukuwa upande wetu.

Jioni, saa kumi na mbili kasoro hivi, manifodi ilikuwa imeshasafishwa, iko mezani, gasketi mpya ziko tayari. Matundu manne ya kuingiza hewa kwenye injini nilikuwa nimeyaziba kwa matambara. Tundu la silinda namba tatu, lile la nyuma upande wa turbo, nilikuwa nimelichomoa tambara kidogo tu, nifute uso wake mara ya mwisho. Nilivaa bukta na fulana isiyo na mfuko. Mkono mmoja una kitambaa, mwingine unashikilia waya zisinidondokee usoni. Nati niliyokuwa naiandaa nikaibana kwa midomo. Nati ndogo, ya spana namba kumi.

Mke wangu akaita kutoka jikoni, kuuliza kama nimeona muda.

Nami, mume mwenye adabu zake, nikaitika: "Naam!"

Ting.

Halafu, chini zaidi, ting nyingine ndogo. Halafu kimya.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu kimya kile. Jirani alikuwa anatwanga kitu, kaimati zilikuwa zinachacharika kwenye mafuta, watoto wanapiga kelele barabarani, na mimi sikusikia chochote kati ya hivyo. Nilikuwa nimesimama nimeinama, mdomo wazi, nalitazama tundu jeusi lisilozidi upana wa yai. Mwisho wa tundu lile kuna valvu mbili. Zikiwa zimefungwa, nati imekaa mgongoni mwake na ina njia ya kurudi. Moja ikiwa wazi, nati inaweza kuwa imeshaingia kwenye silinda, juu ya pistoni, na kuitoa huko ni kufungua injini nzima. Cha kufanya wakati huo ni kutozungusha kitu chochote. Nilijua. Hata kupumua nilipumua kwa mbali.

Wakati huohuo geti likalia. Baba mkwe.

Alikuwa amekuja kufuturu, kanzu nyeupe imepigwa pasi ya mkaa, kofia ya mkono. Na mimi niko mbele yake na bukta, magoti yamejaa grisi. Nilitaka kujificha nyuma ya gari lakini boneti ilikuwa wazi, akawa ameshaniona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona umekaa kama umeona nyoka?"

Mzee alistaafu kama fundi wa injini za treni, Reli ya Kati. Nilimweleza kwa sentensi tatu. Hakusema pole. Alikunja mikono ya kanzu mara mbili, akavua kofia, akainama. Nikammulikia kwa simu ya tochi.

"Kwenye injini zetu ungeingiza mkono wote," akasema. Kisha, "Naiona. Imelala. Valvu imefunga." Kisha, baada ya kitambo, "Lete smaku."

Nilivunja spika ya redio mbovu, nikasugua smaku yake kwenye bisibisi ndefu. Mzee akaishusha taratibu. Akagusa, akainua. Hakuna kitu. Akagusa tena. Nikasikia chuma kikigongana na chuma, kisha bisibisi ikapanda peke yake.

"Nati gani hii isiyoshika smaku?"

"Ya chuma kisichoshika kutu, baba."

"Ya nini?"

"Nilitaka ing'ae."

Akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile, hata siku ya posa.

Tukajaribu grisi kwenye ncha ya waya. Waya mgumu haukukubali kona ya njia ile, na grisi ikabaki kwenye kuta. Giza lilikuwa linaingia. Mzee akaenda kwenye ufagio wa uani, akachomoa chelewa tatu, akachagua moja, akaikunja kunja kupima unyumbufu wake. Akaomba uzi. Akauzungusha kwenye ncha kwa utulivu wa mtu anayesuka kofia. Kisha akasimama tu, chelewa mkononi, anatazama upande wa msikiti.

"Tunasubiri nini, baba?"

"Adhana."

Ikaadhini. Mke wangu alitoka na sahani ya tende na maji, akakuta baba yake na mumewe wamesimama kwenye boneti kama wanaoswalia maiti. Mzee akasoma dua, akachukua tende, akaing'ata nusu. Ile nusu nyingine akaitoa kokwa, akaiponda kwa vidole, akaipaka kwenye ule uzi mpaka ikawa kitonge kidogo chenye kunata. Akainama tena. Chelewa ikaingia, ikapinda kufuata njia, ikafika. Akasukuma kidogo, akaizungusha nusu duara ili tende iingie kwenye tundu la nati na kushika meno yake. Akahesabu kimoyomoyo, niliona midomo ikicheza. Kisha akaanza kuvuta. Hajawahi mtu kuvuta kitu polepole hivyo. Niliona kwanza uzi, kisha weusi wa tende, kisha mng'ao.

Nati ikatoka. Ilikuwa inanukia petroli na tende. Akaniwekea kiganjani.

Akafuta mikono, akashusha mikono ya kanzu, akavaa kofia. Akapiga hatua mbili kuelekea kwenye mkeka, ndipo akageuka.

"Ilikuwa na washa?"

Hapa ndipo penyewe. Kwa sababu ukweli ni kwamba sikujua. Nyingine nilikuwa nimeshazivisha washa kabisa, nyingine bado. Hii niliibana midomoni bila kuitazama. Na nilisikia ting mbili. Nati inaweza kudunda, ikapiga ting mbili peke yake. Lakini na washa inaweza. Jibu sahihi lilikuwa: baba, sijui. Uji ulikuwa umeshamiminwa, magimbi yanapoa, na mzee wa watu alikuwa amefunga tangu alfajiri na ametoka kuinama kwenye injini yangu kwa ajili ya nati niliyotaka ing'ae.

"Haikuwa na washa, baba," nikasema. Kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufuturu.

Usiku, baada ya tarawehe, nilirudi peke yangu na tochi. Nikachungulia mpaka macho yakatoka machozi. Nikaingiza chelewa yenye tende mara nne, mara zote ikarudi na tende yake tu. Nikamwaga washa zote kwenye sinia, nikazihesabu: zilizokwishafungwa, zilizobaki. Zilitimia ishirini. Nikafurahi sekunde mbili, kisha nikakumbuka nyongeza ya muuzaji.

Kesho yake nikatoa plagi, nikaweka spana ya ishirini na mbili kwenye bolti ya puli ya mbele, nikaizungusha injini kwa mkono raundi mbili nzima. Laini. Nikafunga mpira mwekundu, manifodi, nyaya. Petroli iliporudi vituoni nikapiga stata. Ilikohoa, ikamisi kidogo, ikatulia. Kutetemeka kumeisha, na Kimara ikawa tambarare. Ile valvu ya "pshhh" niliifurahia wiki mbili. Nayo ina kosa la aina yake: hewa inayoitema nje ilishahesabiwa na sensa, kwa hiyo petroli yake inakuja wakati yenyewe imeshaondoka. Gari likawa linatoa moshi mweusi na kunizimikia kwenye mataa ya Ubungo, mbele ya daladala zisizo na huruma. Nikarudisha ya kiwandani.

Nililiendesha miaka minne mingine. Kila nilipowasha asubuhi nilisikiliza sekunde chache kabla ya kuingiza gia. Mke wangu alidhani ndio mapenzi ya gari. Nikaliuza 2015. Mnunuzi alinipigia mara moja tu, miaka miwili baadaye. Nilipoona jina lake nikatoka nje kupokea. Alikuwa anauliza kama nina ufunguo wa akiba.

Mzee naye, kila Iddi, anasimulia ile nati. Kila mwaka giza linazidi, tundu linazidi kuwa refu, na sasa chelewa imekuwa moja tu iliyobaki kwenye ufagio. Lakini sehemu ya mwisho haibadilishi neno. "Nikamuuliza, ilikuwa na washa? Akasema haikuwa na washa." Anaisema huku ananyanyua kikombe, wala hanitazami. Sijawahi kujua kama hanitazami kwa kuwa hana sababu, au kwa kuwa anayo.

Jumapili alikuja kututembelea. Binti yangu alikuwa ameitunga ile washa kwenye uzi na kuivaa shingoni. Babu yake akamwita, akaishika, akaigeuza upande wa mwanga. Akatoa funguo zake mfukoni, zile zenye kismaku kidogo cha mapambo, akakigusisha. Haikushika.

"Ya nati namba kumi," akamwambia mjukuu wake. Akairudisha kifuani pake kwa uangalifu, akauliza kama chai iko tayari.