Mstari uliopita juu ya kimya

Dashibodi ile, skrini ya grafu za kufuatilia seva zetu, niliitengeneza mwenyewe na niliipenda. Seva tisa, kila moja na rangi yake, mistari imelainishwa ikapinda kama mawimbi, chini yake rangi nzito ya kujaza. Grafana, programu inayochora grafu hizo, huacha wazi sehemu isiyo na data, usipogusa kitu. Mimi niligusa. Mapengo yalinikera macho, nikaagiza nukta zote ziunganishwe.

Usiku huo nilikuwa zamu. Saa nane na robo kengele ililia: foleni ya kazi inarefuka, muda wa kujibu umepanda. Nikafungua grafu ya memori. Seva ya saba ilikuwa imefika asilimia 94, kisha mstari wake ukateremka taratibu, kwa utulivu kabisa, hadi 31. Nikaisoma hivi: ilielemewa, ikajisafisha, sasa inapumua. Nikamwandikia mwenzangu kwamba memori haina neno, tuangalie hifadhidata.

Tuliiangalia saa tatu nzima. Tukapekua maombi yaliyochelewa, tukaongeza miunganisho, tukawasha upya kitu ambacho hakikuwa kibovu. Foleni ikapungua, ikarefuka tena.

Kulipokucha akaingia dada mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Habari za hifadhidata hakuziuliza. Alikazia macho ule mteremko.

"Mdogo wangu, hapa katikati una vipimo vingapi?"

"Kimoja kila sekunde 15, dada."

"Hebu nionyeshe."

Nikawasha nukta. Kwenye seva nane zilijipanga zimebanana kama shanga uzini. Kwenye ya saba zilipanda hadi 94, zikakoma. Zikaanza tena kule chini, kwenye 31. Dakika 18 tupu. Vipimo 72 havikuwapo kabisa, na juu yake ulipita mstari mzuri niliouagiza mimi.

Mwili ulinisisimka. Mashine ile haikujisafisha. Iliishiwa memori, ikaganda, ikanyamaza, kisha ikawashwa upya ikiwa haina mzigo, na programu iliyokuwa ikivujisha memori, yaani kuichukua bila kuirudisha, ikaanza kuijaza upya. Kila ilipozimika, kazi zake ziliziangukia nyingine. Kengele ya seva iliyonyamaza tulikuwa hatujaiweka. Tukaiweka asubuhi ileile.

Halafu tukakaa na grafu, moja baada ya moja. Ya memori tuliondoa ulainishaji, tukawasha nukta, tukaacha mapengo yaonekane. Rangi ya kujaza tuliishusha hadi asilimia 5, kwa sababu seva tisa zilizojazwa rangi nzito hufunikana, na ile iliyo nyuma ndiyo huenda inaumwa. Idadi ya wafanyakazi wa foleni, yaani programu zinazochukua kazi kwenye foleni na kuzifanya, tuliichora kwa ngazi: wanapoongezwa kutoka 4 hadi 8 wanaruka mara moja, na mstari wa mshazari ungedai walipita 5, 6 na 7 njiani. Makosa ya kila dakika tukayapa pau, maana kila dakika inajihesabia yake.

Tulibishana zaidi kuhusu kupandanisha, yaani kuchora mstari mmoja juu ya mwingine ili thamani zake zijumlike. Memori iliyotumika, iliyo akiba (cache) na iliyo wazi hujumlika kuwa memori yote, basi zipandane. Lakini mtu mmoja alikuwa amepandanisha muda wa kujibu wa huduma nne, na kilele cha mlima ule hakikuwa muda ambao mteja yeyote aliusubiri. Ule tuliufuta bila huruma, na hadi leo naona tulifanya vyema.

Mwenzangu wa zamu hakupenda weupe wa mapengo. Skrini ya ukutani, alisema, itaonekana kama imeharibika. Nilimwelewa, jana yake nami ningesema hivyohivyo. Nikamfungulia grafu ya usiku ule kwa sura mbili, kwanza kwa mstari, kisha kwa nukta. Akaitazama ya pili kimya kwa muda, akavuta kiti, akaniomba tuanze na grafu zake.