Wa thelathini na saba

Somo la wiki: 2 Samweli 23:24–39. Soma pia 2 Samweli 2:18–32 na sura yote ya 11.

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii ina tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa hapa Tanzania, nasi tunataka kusema jinsi kanisa au shule inavyoweza kumkumbuka askari wake aliyefariki. Somo letu ni orodha ya majina ya mashujaa wa Mfalme Daudi, tena ile ambayo wengi wetu tukiifikia tunafunua ukurasa wa pili. Safari hii isome kwa sauti. Ulimi utajikwaa, uache ujikwae. Utaona kwamba karibu kila jina limefungwa kwenye kijiji chake: huyu wa Tekoa, huyu wa Anathothi, yule wa Pirathoni, yule wa Beerothi. Aliyeiandika hakutaka mtu aelee hewani. Alitaka watu wa Tekoa wakisikia waseme, huyo ni wa kwetu.

Mashujaa hawa, ambao Maandiko yanawaita wale thelathini, wanaanza na marehemu na kuisha na marehemu. Wa kwanza ni Asaheli, ndugu yake Yoabu jemadari wa Daudi, kijana mwepesi wa miguu kama paa, aliyeuawa na Abneri huko Gibeoni. Maandiko yanasema kila aliyefika mahali alipoangukia Asaheli alisimama (2:23). Kisha ndugu zake wakamchukua, wakamzika Bethlehemu katika kaburi la baba yake. Wa mwisho ni Uria, Mhiti. Huyo hatuambiwi alizikwa wapi. Alianguka chini ya ukuta wa mji wa watu wengine, kwa barua ya Daudi iliyomwagiza Yoabu amwache auawe, barua aliyoibeba Uria mwenyewe mkononi bila kujua imeandikwa nini. Habari zilipofika ikulu, Daudi alimtuma mjumbe akamtulize Yoabu kwamba upanga hula huyu na huyu. Yaani, vita ndivyo vilivyo, tusonge mbele.

Lakini orodha ilipofungwa, jina la Uria likawekwa la mwisho kabisa, na baada yake hesabu ya wote, pamoja na waliotajwa mapema katika sura: watu thelathini na saba. Linganisha na Yoabu, jemadari aliyeitekeleza barua ile. Sura ya 23 inamtaja mara tatu, kila mara kwa ajili ya mtu mwingine: kaka wa huyu, kaka wa yule, bwana wa mchukua silaha fulani. Yeye mwenyewe hana mstari wake.

Tunalileta hili kwa sababu makanisa na shule zetu nyingi zina Asaheli wake na Uria wake. Kuna askari aliyerudishwa nyumbani, jeneza likiwa limefunikwa bendera, akalazwa kando ya babu yake. Na kuna ambaye kaburi lake liko mbali. Mashujaa wa Vita vya Kagera vya 1978–79 wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba. Waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji wako Naliendele, Mtwara. Mama aliyemtoa mwanawe Iringa au Tanga hafiki Kaboya kila mwaka, nauli peke yake ni mzigo. Mahali anapoweza kufika kwa miguu ni shule ya msingi ambako mwanawe aliwahi kukalia dawati. Kaburi liko mbali, shule iko hapa. Ndiyo maana jina likiandikwa pale shuleni linafanya kazi ambayo mnara wa mkoa hauwezi kuifanya.

Na jina ndilo jambo lenyewe. Pale Dar es Salaam, katika makutano ya barabara, amesimama askari wa shaba tangu 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na kuwaahidi kwamba hata wakifa wakiipigania nchi yao, watoto wao watalikumbuka jina. Ahadi nzuri, ila mnara wenyewe hauna jina hata moja. Wapagazi wale wa Carrier Corps wametuachia neno Kariakoo, sokoni tunanunua nyanya, lakini wao ni akina nani? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Karatasi hazikutunzwa, na waliozishika waliona idadi inatosha.

Basi kanisa au kamati ya shule ikitaka kumkumbuka askari wake, ianze kwenye karatasi kabla ya saruji. Fungueni rejista ya uandikishaji ya mwaka alioanza darasa la kwanza. Hapo ndipo matatizo huanzia. Shuleni aliandikwa Rashidi, jeshini Rashid, nyumbani anaitwa kwa jina la babu. Mwingine alibatizwa Yohana, cheti cha kuzaliwa kinasema John. Msichague wenyewe lililo zuri masikioni. Nendeni kwa familia na majina yote mliyoyapata, waulizeni waandike kwa mkono wao litakalochongwa, kisha mzazi, mjane au kaka mkubwa atie sahihi chini ya karatasi hiyo. Fundi apewe nakala ya karatasi hiyohiyo, asipewe ujumbe wa simu. Makosa mengi ya mawe ya kumbukumbu yametoka kwenye jina lililosomwa kwa simu huku mashine ya kukata mawe ikinguruma.

Cheo kiwe kile alichokuwa nacho alipofariki. Kumpandisha koplo akawa sajini ili jiwe lipendeze ni uongo, na wenzake wa kikosi watauona siku wakija. Namba ya jeshi na kikosi viachwe, isipokuwa familia imetaka na jeshi halina pingamizi. Tarehe ihakikiwe mara mbili. Msikimbilie kuchonga wakati habari bado ni mbichi: kambi ya walinda amani ya Semuliki, eneo la Beni nchini Kongo, iliposhambuliwa tarehe 7 Desemba 2017, hesabu ya kwanza ya Watanzania waliouawa ilikuwa 14, baadaye ikawa 15. Jiwe lililochongwa wiki ile lingekuwa limemwacha mtu nje. Kusubiri mwaka mmoja si kuchelewa.

Kuna swali linalozua ubishi vikaoni: vipi aliyefariki mazoezini, au kwa malaria akiwa kwenye ulinzi wa amani? Yeye naye aandikwe? Tunasema aandikwe. Uria mwenyewe hakufa kifo cha kuimbwa. Andikeni "alifariki akiwa kazini", na chanzo cha kifo kisionekane kwenye jiwe ila kama familia imetaka.

Sasa jiwe lenyewe. Bamba la shaba ni zuri kwa miezi michache, halafu usiku mmoja linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Rangi iliyopakwa ukutani hupauka kwa jua. Chukueni granaiti au marumaru ya sentimita 40 kwa 60, unene wa sentimita 2, herufi zichongwe kwanza ndipo zitiwe rangi, ili rangi ikitoka jina libaki. Herufi za jina ziwe na urefu wa sentimita 3 hivi. Kwa shule za pwani, msikubali boliti za chuma cha kawaida: chumvi itazila, na kutu itamwagika juu ya jina kama machozi machafu. Kwa udongo wa kushikizia, saruji ndoo moja na mchanga safi ndoo tatu, ukuta ukwanguliwe plasta inayobanduka na kulowanishwa kwanza, kisha kazi imwagiwe maji siku saba. Liwekwe chini ya upenuo wa paa, kimo ambacho mtoto wa darasa la kwanza anasoma bila kubebwa, kama mita moja na robo kutoka chini. Wengi huliweka juu ya mlango wa ofisi, mahali panapoonwa na wageni tu. Na chini ya jina acheni nafasi tupu.

Kuna wanaopenda kupanda mti badala ya jiwe, au vyote viwili. Vyema, lakini si siku ya 25 Julai. Sehemu kubwa ya nchi ni kiangazi, mgeni rasmi anapiga picha na jembe, na Septemba mche ni kijiti. Pandeni mvua zikishashika, Novemba au Desemba, au Machi kwa maeneo ya masika. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe uchanganywe na ndoo mbili za samadi iliyooza. Uzio wa miba uwekwe siku ileile, mbuzi hawasubiri kikao kijacho. Kiangazi cha kwanza mti upate lita 20 mara mbili kwa wiki, na darasa moja litajwe kuwa ndilo lenye mti. Mti wa shule nzima hauna mwenyewe.

Asubuhi ya kumbukumbu isizidi dakika 25. Kwenye maadhimisho ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, wengine shada la maua, upinde na mshale, shoka. Shule isiige hayo. Wala msilete fataki au kitu chochote cha kulipuka. Mjane au mtoto wake anaweza kuwa amekaa pale, na shangwe yenu ikamtia hofu.

Familia wakalishwe kivulini, kwenye viti vilivyokuwa tayari kabla hawajafika, na waulizwe siku kadhaa mapema kama kuna anayetaka kusema. Akikataa asishawishiwe. Picha ya marehemu isichapishwe wala kutumwa kwenye makundi ya simu bila idhini yao. Kama kuna mtoto wake anayesoma shuleni hapo, mwalimu wa darasa aongee naye peke yake kabla ya siku hiyo na kumpa uhuru wa kubaki darasani. Rambirambi ikikusanywa iandikwe daftarini mbele ya watu wawili, ikabidhiwe nyumbani, isitangazwe mstarini.

Kama marehemu alikuwa Mwislamu, au wanafunzi ni mchanganyiko kama ilivyo kwa shule nyingi, sheikh aombe dua kwa utaratibu wake na mchungaji kwa wake. Msitunge sala moja ya kuridhisha wote. Itakuwa si ya yeyote.

Hotuba ndiyo inayoharibu mara nyingi. Dakika tatu zinatosha, na mbunge akija apewe hizohizo tatu. Tunawaomba pia wahubiri wenzetu wayaweke kando maneno tuliyoyazoea misibani: "kazi ya Mungu haina makosa", "Mungu amempenda zaidi". Mtu aliyepigwa risasi ameuawa na mtu. Sentensi ya Daudi kwa yule mjumbe nayo ilikuwa laini na yenye hekima ya juu juu, na sura ile inafungwa kwa kusema jambo alilolitenda lilikuwa baya machoni pa Bwana. Mkiwa hamna la kusema, someni orodha.

Watoto watauliza, na mara nyingi watauliza lile ambalo wakubwa wanaliogopa: aliua watu? Mwalimu asikemee. Anaweza kusema kwamba askari hutumwa mahali ambako watu huuana, kwamba yeye hajui kila kilichotokea huko, na kwamba Biblia nayo hailifichi jambo hili: Daudi, pamoja na mashujaa wake wote, alikatazwa kuijenga nyumba ya Bwana kwa sababu alimwaga damu nyingi (1 Nyakati 22:8). Wakiuliza kama nao wawe wanajeshi, hilo si jambo la asubuhi ile.

Wasifu usomwe kwa maneno 150 hivi: alizaliwa wapi, alianza shule mwaka gani, alicheza namba ngapi uwanjani au alipenda somo gani kama familia wanakumbuka, alijiunga jeshi lini, alifariki lini, amelazwa wapi. Msimfanye malaika. Mwalimu wake wa zamani akisema alikuwa mchelewaji, liacheni liwemo, ndugu zake watacheka na kulia kwa pamoja.

Baada ya hapo ni kusimama kimya. Dakika moja, iliyopimwa kwa saa na mwalimu wa zamu. Watoto wa darasa la pili hawawezi mbili, wataanza kusukumana. Waambieni mapema kwa nini wanasimama: watu waliofika pale Asaheli alipoanguka nao walisimama, na Biblia haisemi kama walisema neno.

Jina lisomwe na mwanafunzi, si na mgeni. Achaguliwe wiki moja kabla, na siku mbili kabla aende kwa familia akalitamke mbele yao mpaka waseme hivyo ndivyo. Alisome jina kamili, na kijiji. Kisha kiranja agonge kengele, watoto waingie darasani, na familia waachwe pale mbele ya jiwe kwa muda wanaoutaka wao.