Mwezi Nilioambiwa Niukimbie Ndio Ulioipa Picha Yangu Mwanga

Bado nina hasira na ushauri niliopewa. Wapiga picha watatu, wawili kati yao wakongwe kuliko mimi katika kazi hii, waliniambia mambo matatu kuhusu kupiga nyotamkia. Mmoja alisema bila darubini nisijisumbue. Wa pili alisema nivute zumu mpaka mwisho na niache shata wazi sekunde 30. Wa tatu alisema nisubiri mwezi uondoke kwanza. Kama ningewasikiliza wote, leo nisingekuwa na picha hii ukutani.

Nyotamkia yenyewe ni Tsuchinshan–ATLAS, ile ya mwaka 2024. Jina limetoka kwa walioigundua mwaka 2023: kituo cha kutazama nyota cha Tsuchinshan cha China mwezi Januari, na mtambo wa kuchunguza anga wa ATLAS ulioko Afrika Kusini mwezi Februari. Mtaani kwetu Dodoma kila mtu aliiita kimondo, na mpaka leo naendelea kusahihisha. Kimondo hupita kufumba na kufumbua, na kikifika chini huwa ni jiwe au chuma unachoweza kukigusa, kama kile cha Mbozi. Nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi, nayo hukaa angani wiki nzima na zaidi. Hii ilipita jirani na Jua tarehe 27 Septemba, umbali wa kilomita milioni 58 hivi, na joto likaigeuza barafu kuwa mvuke uliotoka na vumbi lake. Vumbi hilo ndilo mkia tuliouona.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa alfajiri ya tarehe 29 Septemba. Nilipanda jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba tunayopanga, saa kumi na nusu, na baridi ile ya Dodoma ya kabla ya jua. Nilikuwa na kamera ninayopigia harusi na picha za pasipoti, na lenzi ya zumu inayofika milimita 300 niliyoazima kwa rafiki. Stendi yangu ni ile nyepesi ya elfu hamsini na kitu. Nikavuta zumu mpaka mwisho, nikazungusha fokasi mpaka kwenye ile alama ya nane iliyolala, ya vitu vya mbali kabisa, nikaweka sekunde 30, nikangoja.

Kwenye saa kumi na moja na robo niliiona kwa macho, chini mashariki, kama mtu amepaka chaki kwa kidole halafu akaifuta nusu. Moyo ulinidunda. Nikabonyeza. Sekunde 30 zikapita. Kwenye kioo kikatokea kitu kama unywele mnene wa rangi ya chungwa, na nyota zote pembeni yake zimekuwa mistari. Nikapiga tena, mistari. Nikapiga ya tatu, mistari pamoja na mtetemo, kwa sababu kidole changu kilitikisa stendi. Hata mistari yenyewe haikuwa mikali, ilikuwa minene kama kamba: ile alama kwenye lenzi si mahali pa kuaminika hata kidogo. Na mbingu yote ya mashariki ilikuwa ya njano, kwa maana kutoka kwenye jiwe lile nilikuwa natazama juu ya taa za mji mzima, na mbele yake taa za Ihumwa na Mtumba. Nilipiga picha 60 na kitu alfajiri ile. Sikubakiza hata moja.

Mchana nilikaa na kalamu. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Mwezi una upana wa nusu ya nyuzi, kwa hiyo katika dakika mbili unasogea upana wake wote, na katika sekunde 30 unasogea robo. Ukivuta kwa milimita 300, robo hiyo ni mstari mrefu kwenye picha. Hapo ndipo nilipojua kuwa yule wa sekunde 30 hajawahi kupiga nyota kwa zumu maishani mwake. Kwa kamera kama yangu mimi sasa, ili kupata sekunde, nagawa 300 kwa milimita za lenzi: lenzi ya 50 inanipa sekunde 6, na kwa usalama nafanya 4. Basi. Nikarudisha zumu ya watu, nikachukua 50 yangu ya mtumba, niliyoinunua Kariakoo kwa laki mbili na kidogo, ninayopigia maharusi uso kwa uso.

Baadaye nyotamkia ikahamia jioni. Tarehe 12 Oktoba ndipo ilipokuwa karibu zaidi na Dunia, kilomita milioni 70 na ushee, na kuanzia hapo ikawa inaonekana magharibi baada ya jua kuzama. Safari hii sikupanda jiwe. Kitu cha magharibi unakifuata magharibi, ili taa za mji zibaki mgongoni. Kwa pikipiki ya mdogo wangu tukashika barabara ya Singida mpaka tulipoipita Bahi, tukaingia njia ya ng'ombe, na hapo kulikuwa na mbuyu mmoja umesimama peke yake. Mafuta ya kwenda na kurudi hayakuzidi elfu ishirini.

Siku ya kwanza, tarehe 14, nilisimama hatua kumi kutoka kwenye mbuyu. Nyotamkia ikatoka kali, mbuyu ukatoka ukungu. Nikageuza fokasi, mbuyu ukawa mkali, nyotamkia ikawa pamba. Kwa lenzi iliyofunguliwa sana, f/2.2, huwezi kuvipata vyote viwili kwa karibu namna ile. Kesho yake nikarudi nyuma hatua themanini. Kwa umbali huo lenzi inauona mbuyu na anga kama viko mahali pamoja, na mbuyu bado ulikuwa mrefu kiasi cha kuifikia nyotamkia kwa matawi yake.

Fokasi niliipata kwa sayari ya Zuhura. Jioni zile Zuhura ilikuwa inawaka magharibi, kushoto kwa nyotamkia, nyeupe kuliko nyota zote. Nikazima fokasi ya yenyewe, nikawasha kioo cha nyuma, nikakikuza mara kumi, nikazungusha polepole mpaka Zuhura ikawa nukta ndogo kabisa, halafu nikaifunga lenzi kwa selotepu isicheze. Mfuko wa rambo wenye mchanga nikauning'iniza katikati ya stendi, na shata nikaiwekea kuchelewa sekunde mbili ili kidole kiwe kimeshaondoka.

Sasa mwezi. Tarehe 15 ulikuwa umebakiza siku mbili tu kujaa, na ulikuwa umepanda mashariki, nyuma yangu kabisa. Hilo ndilo nililoambiwa nilikimbie. Lakini angalia ulivyokaa: nyotamkia iko mbele magharibi, mbuyu uko katikati, na taa kubwa iko mgongoni pangu inaumulika mbuyu gamba kwa gamba. Harusini nalipia taa ya namna hiyo, tena nasumbuka na jenereta. Kwenye saa moja na robo usiku, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600, sekunde 4, nilibonyeza, na kioo kilipowaka nikapiga kelele mpaka mdogo wangu akaja mbio. Gamba la mbuyu lilikuwa la kijivu na fedha, anga ya buluu iliyokolea, na mkia umesimama wima juu ya tawi la mwisho.

Mzee mmoja aliyekuwa anarudisha ng'ombe alisimama kutazama. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akaangalia magharibi kwa muda, akasema, "Nikiwa kijana niliona kubwa kuliko hii, alfajiri, nikiwa machungani." Nilipomuuliza ni lini akasema ni miaka michache baada ya Uhuru. Nahisi alikuwa anasema ile Ikeya-Seki ya mwaka 1965, iliyong'aa sana kabla ya mapambazuko mwezi Oktoba na Novemba.

Nyumbani, nilipokuza picha, kando ya nyotamkia nikakuta kidoa cha ukungu. Nilidhani ni uchafu wa lenzi. Kumbe ni M5, kundi la nyota lililo umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 24,000. Herufi M ni ya Charles Messier, Mfaransa mwindaji wa nyotamkia wa karne ya 18, aliyeorodhesha vidoa vya namna hiyo ili visimpotezee muda. Kidoa kama hicho, kwa lenzi ya harusi, bila darubini!

Yule wa kusubiri giza simnyimi haki yake yote. Tarehe 20, mwezi ulipochelewa kuchomoza, nilirudi, na mkia ulitoka mrefu zaidi kwenye picha ingawa kwa macho nyotamkia ilikuwa imefifia. Ila mbuyu ulitoka kivuli cheusi, hauna gamba wala mikunjo.

Ya tarehe 15 nilisafisha nakala mbili za A4. Moja iko studio. Ya pili nilimpelekea mzee. Aliishika kwa mikono miwili, akayafuata matawi kwa kidole moja baada ya jingine, akasema ndio wenyewe, kisha akaniuliza kama naweza kumpiga na yeye hapo, pamoja na ng'ombe wake.